Vitabu Nilivyomsomea Mjomba Mnazini

Harufu ya ubani ikinifikia nikiwa na kitabu mkononi, hukifunga. Wageni wanaokuja nyumbani kwangu hapa Dunda hushangaa, maana wanajua mimi ni mtu wa kusoma. Nina kabati la vitabu lenye milango ya kioo, nililolinunua kwa jasho langu, na ukutani ipo diploma yangu kutoka Uingereza, ya kwanza kuonekana katika mtaa huu. Hakuna aliyenibeba. Baba alikufa nikiwa bado natambaa, na mama alinilea kwa kusuka makuti. Nasema hivi bila aibu kwa sababu ni kweli. Lakini ubani na kitabu vikikutana puani mwangu, diploma hainifai kitu. Narudi kuwa mtoto wa miaka kumi na moja, nimekaa juu ya jamvi, na chetezo kinafuka mbele yangu.

Mwaka ule nilisoma vitabu vinne. Vitatu vilitoka katika kabati la mwalimu wetu wa shule, ambaye hakuwa akimwazima mtoto mwingine yeyote, kwa kuwa mimi peke yangu nilivirudisha bila doa la mafuta. Nilivisoma shambani, kwenye njia ya kwenda Kaole, tena kwa sauti kubwa, kwa sababu msikilizaji wangu alikuwa juu ya mnazi. Alikuwa mjomba wangu Shomari, mdogo wake mama, mkwezi. Yeye alikwea na kuangua nazi, mimi nilizikusanya. Herufi za shule hakuzijua, lakini hakuna aliyependa kitabu kuliko yeye. "Haya mpwa, umefika wapi?" alikuwa akiniuliza kutoka kwenye makuti, nami nikisoma nimeinua uso, jicho moja kwenye ukurasa na jingine likichunga nazi isinipasue kichwa. Kitabu cha kwanza kilikuwa cha hadithi za wanyama, naye alibishana na kila mnyama. "Sungura huyo mwongo kama wakwezi wa Zinga!" Cha pili kilieleza nchi za dunia. Nilipofika kwenye nchi za theluji aliuliza, "Sasa huko watu wanakwea nini?"

Shamba halikuwa mbali na nyumba, na vishindo vya nazi vilifika mpaka uani, alipokuwa mama akitwanga. Aliposikia kishindo cha kwanza aliuzuia mchi juu, akatega sikio. Kikija cha pili, na kingine, mchi ulishuka na kazi ikaendelea. Mkwezi aliye mzima haangushi nazi moja akaacha. Kishindo kimoja kisichofuatwa na kingine ndicho alichokiogopa mama, na mimi nilizaliwa nikaikuta hofu hiyo nyumbani kama nilivyoukuta mlango.

Ramadhani ilipokaribia, karabai ya msikiti wa mtaa wetu ikatoweka. Ilikuwa fahari ya mtaa mzima. Ikiwashwa, mwanga wake ulimwagika mpaka barabarani. Mjomba ndiye aliyekuwa akiitundika, kwa kuwa hakuna mwingine aliyependa kupanda hadi kwenye boriti. Hakuna aliyemtaja. Walianza tu kunyamaza alipofika barazani kunywa kahawa, na kuendelea kuzungumza alipoondoka. Kisha ikatangazwa msikitini kwamba aliyeichukua airudishe kabla ya mfungo kwisha, la sivyo itasomwa albadiri. Kwa asiyekuwa mtu wa pwani, hicho ni kisomo cha kumshtaki mwizi asiyejulikana. Hakimtaji mtu. Husomwa, watu wakarudi majumbani kwao, kisha wakangoja kuona ni nani atakayevimba tumbo, nani atakayerukwa na akili, nani atakayeanguka.

Mwezi ukaandama, Idi ikapita, taa haikurudi. Maalim Mbaraka, aliyetufundisha Kurani chuoni, akachagua wasomaji, na pamoja na watu wazima akanichagua mimi, niliyekwisha kuhitimu wakati wenzangu wa rika bado wanahangaika na herufi. Mama alipopata habari aliniita jikoni.

"Sema una homa, mwanangu."

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga kamba yake ya kukwelea kiunoni. "Dada, asipokwenda watasema mimi ndiye niliyemzuia." Akanigeukia. "Nenda kasome. Na usikosee, hata irabu moja. Ukijikwaa, watasema umejikwaa kwa ajili yangu."

"Wewe huogopi, mjomba?"

"Taa sikuichukua." Akaitazama miguu yake. "Lakini mimi ni mkwezi."

Kitabu cha nne kilikuwa hicho cha albadiri. Kilikuwa chembamba, kimezungushiwa kitambaa cha kijani, na kurasa zake zilinuka ubani wa miaka mingi. Jamvi lilitandikwa, chetezo kikawashwa, madirisha yakafungwa. Moshi uliniingia machoni, lakini sikukosea. Nimefanya mitihani migumu tangu siku ile, mbele ya wazungu walioninyooshea macho kama sindano, na hakuna hata mmoja nilioufanya vizuri kama nilivyosoma pale. Wazee waliokuwepo bado wanaisifu sauti yangu. Sikukosea hata irabu moja, na kila neno lilipotoka nililiona likienda Kaole, likipanda mnazi.

Asubuhi yake tulipofika shambani tuliwakuta watu. Mmoja alijifanya anatafuta mbuzi, wawili walikuwa wanapita tu, na wengine hawakutafuta hata sababu. Mjomba akawasalimu, akatia kamba miguuni, akakwea. Hapo ndipo nilipofahamu alivyokamatwa. Akiacha kukwea, amekiri. Akikwea akateleza, kama mkwezi yeyote anavyoweza kuteleza, taa itakuwa imepata mwizi wake, na watoto wake watakuwa watoto wa mwizi mpaka kiama.

"Shomari!" mmoja akapiga kelele kutoka chini. "Tuangalizie huko juu, huioni karabai yetu?"

"Naiona!" mjomba akajibu. "Inawaka nyumbani kwako!"

Walicheka, lakini hawakuondoka. Walikuja kesho yake, na wiki iliyofuata, na pepo za kaskazi zilipoanza kuitikisa minazi walizidi kuwa wengi.

Katika siku hizo nilikuwa na kitabu cha tatu cha shule, kilichoeleza nguvu za vitu. Nikakuta ndani yake kwamba ardhi huvuta kila kitu, jiwe na tunda na mtu, bila kuuliza. Nilifurahi kama niliyeiokota taa yenyewe. "Mjomba!" nikampigia kelele. "Kitabu kinasema kila kitu huanguka, chenye kosa na kisicho na kosa!"

Panga lake likatulia. "Kizuri kitabu hicho. Wasomee hao waliokaa hapo."

Nikawasomea. Mzee mmoja akanipigapiga begani, akasema, "Sauti nzuri, mashallah," na kuinua tena uso wake juu. Nami nilipoinua wangu nikauona mguu wa mjomba ukitoka kwenye kipandio. Akaning'inia kwa mikono, kofia yake ikaanguka miguuni petu. Kilichobaki masikioni mwangu ni sauti ya watu. Hawakushtuka. Walivuta pumzi pamoja, taratibu, kama watu walioona chakula kinaletwa. Mjomba akalipata shina kwa magoti, akakaa hapo kitambo, kisha akaendelea kupanda, akaangua nazi za mnazi ule zote.

Hakuanguka mwaka ule. Nilidhani ushahidi huo unatosha, lakini mtaa ulisema kisomo hakina haraka. Taa haijaonekana mpaka leo. Mimi nilikwenda shule za mbali, kisha ng'ambo, nikaiona theluji na kuhakikisha kwamba huko hakuna cha kukwea. Niliporudi, mtu wa kwanza kumtembelea alikuwa mjomba. Nikampa shikamoo, nikamwambia, "Shuka sasa, mjomba. Nina kazi na nina nyumba. Utakula na utalala." Ndevu zake zimeingia mvi na goti lake moja halikunjuki vizuri. Aliishika diploma yangu kwa ncha za vidole asiichafue.

"Nikishuka sasa," akasema, "watasema nimejificha nyuma ya karatasi yako."

Kwa hiyo bado anakwea. Watu hawajikusanyi tena kama zamani, lakini kila apitaye njia ya Kaole huinua uso na kupunguza mwendo. Kabatini mwangu kuna vitabu vingi kuliko vilivyokuwa katika shule nzima ya utoto wangu, na vyote nimevisoma. Asubuhi hukaa dirishani na kimoja mkononi. Kutoka shambani hunijia kishindo. Naweka kidole kwenye mstari nilipofika, naacha kusoma, na kungoja cha pili.