Kipara cha Kukhu

Juzi kinyozi wa Kitale alipomnyoa binti yangu aanze shule, nilimkumbuka Kukhu, nyanya yangu wa Misikhu. Nilipokuwa mdogo, tulikuwa tumemzika babu, na mchana huo wanawake wa boma walikuwa wakimnyoa Kukhu kwa wembe, kama mila ya wajane, uani kukinuka sabuni ya kufulia. Kwa akili yangu ya darasa la kwanza, kipara kilikuwa cha watoto wa shule tu. Nikamletea penseli yangu fupi.

“Kukhu, kesho si tukae dawati moja?”

Kukhu akacheka mpaka akafuta macho, nami nikajua amefurahi. Kisha akalainisha mchanga kwa kiganja.

“Haya, mwalimu. Nifunze kwanza kuandika jina la babu yako.”