Kwikwi yangu mbele ya prof wa anatomie

Bandugu, leo kifua yangu imejibu examen mbele yangu.

Asubuhi, mbele ya oral, examen ya kinywa, maman alinilazimisha kumaliza bugali. "Mutu haendake ku oral na njaa!"
Nikameza mbio mbio. Kwikwi ikanishika.
Maman akalowanisha kipande ya karatasi, akanibandika ku paji ya uso, sawa mutoto muchanga. Ikatulia. Nikakimbia kushika taxi, juu nikikosa hii oral ninarudilia mwaka.

Mbele ya prof, ule hachekake, kwikwi ikarudi.

"Kati ya mapafu, pembeni ya moyo, nerf gani, mushipa gani ya fahamu, inashuka mupaka ku diaphragme, musuli ya kupumulia?"

Nikafungua kinywa.
"HIK!"

Akaniangalia. "Eeh, ni ile yenye inakusumbua. Sasa nipe jina."

"Nerf phré… HIK… nique!"

Akaandika points. Nikasimama niende, asante Yesu.

"Na ile karatasi ku uso?"

Ilikuwa ingali pale!! Mu taxi wote waliiona, hakuna mwenye aliniambia. Bukavu, muko wabaya.

Nikasema polepole: "Ni maman, prof."

Akavua lunettes ku macho. "Maman yangu alikuwa anawekaka uzi."

Na kwenu? Karatasi ao uzi?