Kapu la Bibi Josepha Laenda Denmark

Shamsia ana ugonjwa mmoja: kusema ukweli hata pasipoulizwa.

Duka lake ni mlango wa pili kutoka kwangu, hapa sokoni Kasulu. Mimi nauza vitenge. Yeye anauza vitu vya kale kwa watu asiowajua: vigoda kutoka Kibondo, vibuyu, makapu ya kifuniko ya Waha. Anavipiga picha, anaviweka kwenye mnada wa mtandaoni, na watu wa Ulaya wanapandishiana dau mpaka muda uishe. Aliyepanda juu kuliko wote ndiye mwenye mali, na Shamsia anafunga boksi, anapeleka posta.

Mtu mwenye akili angepiga picha upande mzuri. Shamsia anaanza na ufa. "Kigoda hiki mguu wa nyuma umeliwa na mchwa," anaandika, na picha ya mguu wenyewe hiyo hapo. Nimemwambia mara ngapi kwamba biashara haiendi hivyo. Kumbe inaenda. Wateja wanarudi, wanampa nyota zote, nami nabaki na mdomo wangu.

Bibi Josepha wa Nyakitonto alimletea kapu alilosukiwa na mama yake alipokuwa anaolewa. Lilitoka kwao limejaa unga wa ulezi, likaingia kwa mumewe juu ya kichwa chake. Amewapa mabinti zake, hakuna aliyelitaka.

"Wana mahotipoti," alisema. "Nami sitaki lifie darini na panya. Litafutie mtu mwenye nyumba, mwanangu."

Mnada ulipoisha, mwenye kapu alikuwa mama mmoja wa Denmark. Siku ya kulifunga, bibi alikuja kuliaga, akalijaza maharage. Kwetu chombo hakiendi kwa mtu kitupu. Jirani akikuletea mboga kwenye bakuli, bakuli linarudi na kitu, japo chumvi. Mkono mtupu haulambwi.

Shamsia alimweleza kwamba mbegu haziruhusiwi kwenda huko. Bibi alisikiliza kwa adabu zote, akaitikia, akaondoka kuwahi gari la Nyakitonto, na maharage akayaacha palepale ndani ya kapu.

Shamsia akayamwaga kwenye ungo. Fomu ya forodha alikwisha kuijaza: kapu moja, tupu. Akashika gundi ya kufungia boksi, akaiweka chini. Akaishika tena, akaiweka. Babu yake alitoka Bagamoyo, lakini yeye amelelewa kwa ugali wa Buha. Akachota kiganja kimoja cha maharage, akakirudisha kapuni, akafunga boksi haraka kama mwizi.

"Anifa, mkono umekataa," aliniambia.

Nilicheka sana. Baadaye kicheko kilinitoka puani, maana ujumbe ulikuja kwamba watu wa forodha wa kule wamelizuia boksi. Fomu inasema tupu, ndani kuna mbegu. Huenda kila kitu kikachomwa moto, kapu na maharage yake.

Nyota hazikumuuma Shamsia. Alikonda kwa ajili ya lile kapu. Alimwandikia yule mama wa Denmark ukweli mtupu: kosa ni langu, niliyaweka mwenyewe, na sababu ni hii. Yule mama angeweza kudai haki yake akaachana naye. Badala yake alikwenda kuwabembeleza watu wa forodha. Maharage yakachomwa, kapu likasafishwa, akapewa.

"Basi bibi asiambiwe," nilimshauri Shamsia. "Limefika, yatosha."

"Njia ya mwongo fupi," alinijibu, na mimi ni mkubwa kwake.

Siku ya gulio Bibi Josepha akaingia. "Mwakeye," alitusalimu, hata hajakaa akauliza, "Lilifika?"

Shamsia alikuwa na picha nzuri kwenye simu, ametumiwa na yule mama. Nilimkanyaga mguu aanze nayo. Wapi! Alianza na ufa. Akasimulia forodha, fomu, mbegu, moto.

Bibi akauliza, "Yote waliyachoma?"

"Yote, bibi. Nisamehe."

"Hawakuyapika?"

"Hawakuyapika."

"Maskini, watu hao," alisema. Kisha sauti ikapungua. "Kwa hiyo kapu langu, mwanangu wa kike, liliingia kwa watu mikono mitupu."

Hapo nilitamani kumzaba kofi Shamsia. Ndipo akamwonyesha simu. Lile kapu lilikuwa juu ya meza, kando ya dirisha, limejaa mikate.

"Nani kalijaza?"

"Yeye mwenyewe, bibi. Anasema alipojua sababu ya maharage, aliona vibaya kuliacha tupu hata siku moja."

Bibi Josepha aliifuta simu kwa ncha ya kitenge chake, akaisogeza karibu na macho.

"Huyo amelelewa," alisema. "Mwambie asifunike mkate ungali moto, kapu litaota ukungu."

Shamsia akaanza kuandika. Bibi alikuwa bado anaiangalia picha ile.

"Mikono ya mama yangu imefika mbali," alisema.

Hilo Shamsia hakuliandika. Alivuta kile kigoda cha Kibondo, akamkalisha bibi, akachuchumaa nyuma yake akikishikilia upande ulioliwa na mchwa.