Mteremko wa Kwenda Lovell

Kwa wiki tatu Nadine Tollefson alikuwa akimkagua mumewe kwa siri. Kila asubuhi kabla ya kung'oa nanga, Arden alilizunguka gari-nyumba lao kwa nje, kama walivyokubaliana tangu siku walipolinunua: mume nje, mke ndani. Alichomoa bomba la maji, akachomoa waya wa umeme, akafunga milango ya mizigo, akapandisha ngazi. Kisha aliingia ndani kunywa kahawa, na Nadine akasingizia kwenda kutupa takataka, akazunguka upya peke yake.

Mara nyingi hakukuta kitu. Lakini kule Mitchell alikuta bomba la maji bado limeungwa kwenye bomba la kambi walikolala, na siku mbili baadaye akakuta ngazi iko nje. Na jana, kule Sheridan, alimkuta Arden mwenyewe amesimama kando ya mlango, ufunguo mkononi, akiutazama kama kitu alichoombwa na mgeni amshikie. Nadine akamuuliza anatafuta nini. Arden akasema anasikiliza injini. Injini ilikuwa imezimwa.

Arden alikuwa na miaka sabini na sita. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi wa mabasi ya shule huko Willmar, Minnesota, na basi halikutoka uani asubuhi bila yeye kulala chini yake kwanza. Nyumba yao walikuwa wameiuza. Kila walichobaki nacho kilikuwa ndani ya lile gari la tani kumi, na nyuma yake walivuta kigari chekundu cha kwendea dukani. Walikuwa njiani kwenda kuiona bahari kule Oregon, na nusu ya safari ilikuwa imekwisha.

Binti yao, Kristi, alipiga simu kila Jumapili kuuliza baba anaendeleaje, na kila Jumapili Nadine alimwambia kwamba baba yake ni mzima kabisa. Alikuwa anadanganya, na sababu alikuwa anaijua vizuri. Arden akinyang'anywa usukani, safari imekwisha, na nyumba pia imekwisha, maana hawakuwa na nyingine. Watakachobakiwa nacho ni chumba cha chini kwa Kristi huko Fargo, na Arden akikaa kwenye kochi la mkwewe akiulizwa kila saa kama amekula. Nadine alilifikiria lile kochi, akafunga mdomo.

Walifika juu ya milima ya Bighorn saa nne asubuhi. Mbele yao ulikuwa mteremko wa kwenda Lovell, na kila mwenye gari la namna ile anaujua kwa sifa zake mbaya. Pale juu pana uwanja wa kusimama, na watu wenye akili hawashuki wakiwa wameunganisha. Wanafungua kigari cha nyuma, mmoja anatangulia nacho, mwenzake anafuata na lile kubwa, na kila mmoja ana redio ya mkononi. Wa mbele anamtajia wa nyuma kona na magari yanayopanda. Hakuna kingine kinachosemwa. Arden alikuwa na sheria kwamba redio si ya mambo ya nyumbani, na katika miaka tisa ya kusafiri na gari lile Nadine hakuwahi kuivunja.

Arden alikifungua kigari kwa dakika nne. Mikono yake haikusita hata kidogo, na Nadine alipomtazama aliona aibu kwa mawazo yake yote. Hata hivyo alijaribu.

"Leo nipe mimi hilo kubwa," akasema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani.

"Wewe? Bibie, wewe hata toroli la dukani unaligonga."

"Toroli halina breki."

"Ndiyo hivyo. Lenye breki niachie mimi."

Nadine akacheka, na akajichukia kwa kucheka. Kisha akamwambia asisahau gia ya pili. Hapo Arden akabadilika uso. Alisema amefundisha madereva wa mabasi kushuka kwenye barafu wakati Nadine hajui hata gia ni nini, na kwamba hataki kuambiwa tena. Nadine akaenda kuingia kwenye kigari.

Sehemu ya kwanza walishuka vizuri. Nadine alitangulia kwa mwendo wa pole akitaja kona, na kila Arden alipobonyeza redio kujibu, nyuma ya sauti yake ulisikika mngurumo mzito wa injini iliyo kwenye gia ndogo, inayolishika gari ili kazi yote isiachiwe breki. Nadine aliusikiliza kuliko alivyoyasikiliza maneno.

Katikati ya mlima pana uwanja mwingine wa kupumzisha breki. Walisimama. Arden akazima injini, akashuka, akapeleka kiganja karibu na gurudumu la mbele, akaridhika. Kisha akasimama akitazama bonde lote chini, hadi lilikopotelea mbali, akawa na furaha ambayo Nadine hakuwa ameiona tangu Mei. Alimkatia mkewe nusu ya mkate wenye nyama, akasema wangekuja huku miaka ishirini iliyopita kama si ujinga wao. Nadine alitamani wabaki pale siku nzima.

Waliporudi kwenye magari, Nadine alikuwa anafunga mkanda alipokumbuka. Gari la Arden likizimwa na kuwashwa tena, mkono wa gia unaanza upya. Ile ya pili lazima uiweke mwenyewe. Alishika redio, kidole kikiwa juu ya kitufe. Akakumbuka uso wa Arden kule juu. Hakubonyeza. Alijiambia kwamba fundi wa miaka thelathini na mmoja hasahau kitu kama hicho, akaingia barabarani, na maisha yake yote hatajisamehe kwa hilo.

"Kona ya kushoto, kali," akasema. "Barabara nyeupe, hakuna anayepanda."

"Nimeipata," akajibu Arden.

Safari hii nyuma ya sauti yake kulikuwa kimya. Hakukuwa na mngurumo.

Nadine akatazama kioo. Gari lilikuwa mbali kidogo, likishuka kwa utulivu. Kona ya pili, akatazama tena, akaona limekaribia. Akaongeza mwendo kutoka maili thelathini hadi arobaini ili ampe nafasi, na lile gari likakaribia vilevile. Kwenye magurudumu ya mbele ulikuwa umeanza kutoka moshi mweupe.

"Arden, uko gia gani?"

Akachelewa kujibu. "Ya kawaida."

"Teremsha. Weka ya pili."

"Nimeegemea breki," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejishangaa. Maneno hayo ndiyo aliyokuwa akiwakataza madereva vijana siku ya kwanza kabisa: kanyaga, achia, kanyaga, achia, usiegemee hata siku moja. "Nadine, nimeegemea tangu tulipoondoka."

"Haidhuru. Weka ya pili."

"Najua mkono wa gia ulipo. Najua vizuri. Sasa hivi tu sijui…" Redio ikakatika, ikarudi. "Nimeweka. Inakataa. Mwendo umezidi."

Nadine alikuwa maili hamsini kwa saa kwenye kona zilizoandikwa ishirini na tano. Upande wa kulia ulikuwa mwamba, upande wa kushoto hapakuwa na kitu. Kwenye kioo aliuona uso wa gari-nyumba umejaa wote, na nyuma ya kioo cha mbele kichwa cheupe cha mumewe. 

"Breki zinaenda hadi sakafuni," akasema Arden. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anatoa taarifa kama fundi.

Wakati huo huo Nadine akaona kibao cha njano: njia ya kokoto ya magari yaliyokatika breki, nusu maili, mkono wa kulia.

"Arden, nisikilize. Kuna njia ya kokoto mbele, kulia. Inapanda mlimani. Unaingia pale."

Kwenye kioo moshi ulikuwa umezidi.

"Umesikia?"

"Nimesikia." Kisha akasema, "Nikiingia pale ndiyo basi tena, Nadine. Watakuja askari. Ataitwa Kristi. Ndiyo basi."

"Ndiyo, ndiyo basi. Ingia."

"Chini ya kona hii barabara inanyooka kidogo. Naweza kulishika kwa hendibreki. Wewe nipishe, nipite kushoto, kwa njia ya wanaopanda."

Nadine akatazama mbele. Hakuna gari lililokuwa likipanda. Angeweza kumpisha, na ingechukua sekunde moja tu kufanya hivyo. Na akajua, kwa hakika ambayo hakuwa nayo tangu kule Mitchell, kwamba akimpisha Arden atapita, na baada ya ile kona hatamwona tena akiwa hai.

Alikuwa amempisha wiki tatu. Alimpisha alipozunguka nyuma yake, na alipomdanganya Kristi, na alipocheka pale juu badala ya kuchukua ufunguo. Akashika usukani kwa mikono miwili, na redio ikaanguka mapajani. Akaiokota kwa mkono wa kulia.

"Sikupishi," akasema. "Barabara nimekaa mimi. Ya kwako ni ile ya kokoto."

"Nadine, nitakugonga."

"Basi usinigonge. Ingia kulia."

"Mama, toka hapo." Hakuwa amemwita hivyo tangu Kristi alipokuwa mdogo, na sauti sasa ilikuwa inalia. "Toka, nakuomba."

"Sitoki. Kulia, Arden. Sasa hivi. Kulia, kulia, kulia."

Alipita mdomo wa ile njia ya kokoto akiwa ameng'ata ulimi. Gari-nyumba lilikuwa nyuma yake kwa urefu wa meza ya kulia chakula. Akafumba macho, jambo ambalo dereva hafanyi, na alipofumbua, kioo kilikuwa kitupu. Kisha ikaja sauti ya kokoto, ndefu, na baada yake vyombo vyote vya jikoni vikianguka pamoja, na hapo ndipo akasikia yeye mwenyewe anavyopiga mayowe.

Alisimamisha kigari pembeni, akapanda barabara kwa miguu akikimbia. Alikuwa na miaka sabini na mbili na goti la chuma. Gari lilikuwa limezama hadi ekseli, limeinamia upande, moshi ukitoka chini. Arden alikuwa ameketi pale pale, mkanda umefungwa, mikono yote miwili kwenye usukani. Damu kidogo ilikuwa imetoka puani. Nadine alipanda akamshika uso, akampapasa mabega, mbavu, magoti, akaona ni mzima.  Alimwondoa vidole kwenye usukani kimoja kimoja.

Askari wa barabara alifika baada ya dakika arobaini, msichana wa umri wa mjukuu wao, mwenye adabu. Aliwapa maji, akazunguka gari mara mbili, akachuchumaa kunusa magurudumu. Alisema kila kiangazi anaokota wawili watatu pale, na kila mmoja humwambia breki zilikatika. Akafungua fomu yake, akauliza nani alikuwa anaendesha na nini kilitokea.

Nadine alikuwa na jibu tayari. Alilitunga akiwa amemshika Arden mkono wakati wanasubiri: breki zilikatika, gari zee, mume wangu ni fundi, ametuokoa. Fomu ingejazwa hivyo na mambo yangeishia mlimani. Akafungua mdomo aseme.

"Breki hazikuwa na kosa," akasema Arden. "Nimezikagua mwenyewe kabla hatujatoka nyumbani. Andika dereva."

"Mzee, dereva alifanya nini?" askari akauliza.

"Alisahau gia. Halafu akasahau mkono wa gia unashikwaje." Arden alifuta pua kwa nyuma ya kiganja. "Na hiyo siyo mara ya kwanza. Andika na hilo."

Askari akaacha kuandika, akamtazama Nadine.  Arden alitoa pochi mfuko wa nyuma, akachomoa leseni yake, akamnyooshea yule msichana. Askari akasema pole pole kwamba hana mamlaka ya kuipokea pale barabarani, kwamba kuna barua zitakazotumwa na kuna daktari wa kumpima, na mpaka hapo ni yake bado. Arden alibaki na mkono umenyooka kwa muda. Kisha akaugeuza upande wa mkewe.

"Basi kaa nayo wewe," akasema. "Nikikuomba, usinipe. Hata nikigomba."

Nadine akaipokea. Ilikuwa bado na joto la mfuko wake. Akalia mbele ya askari bila kujificha, na Arden akamshika bega, akimbembeleza kana kwamba aliyepoteza kitu ni Nadine.