Mawe Yanayokula

Karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha tangi ilisema USIGUSE. Wagonjwa waliokaa kwenye benchi walidhani inawahusu wao. Ilimhusu Shangazi peke yake, mfagiaji wa kliniki ile ya meno kwa miaka kumi na minne.

Tangi lenyewe la maji ya chumvi lilikuwa dogo, halizidi beseni la kuogeshea mtoto. Ndani yake mlikuwa na samaki wanne, matumbawe matano yaliyo hai, na mnyoo mmoja aishiye ndani ya mrija, anayechanua nyuzi kichwani kama manyoya ya ndege ili kuchuja chakula majini. Samaki walinenepa. Matumbawe yalikonda: nyama ilirudi nyuma, mfupa mweupe ukajitokeza ukingoni.

"Hayo ni kama mawe tu, mama," fundi wa tangi alimwambia, akimwaga chakula cha samaki huku pampu inavuma. "Taa inayatosha."

"Jiwe lisilokula linakondaje?"

Mimi ninayesimulia nimeona matumbawe yakififia hivyo katika kumbi za hoteli za bandari tatu, chini ya taa nzuri, na popote pale sikuona mtu akiyatetea.

Jibu Shangazi alilipata siku umeme ulipokatika. Alikuwa anapiga deki asubuhi, taa ya tangi imezimika, pampu imenyamaza. Akaona kila tumbawe limetoa vidole vidogo, vinapapasa maji. Shangazi amelea watoto sita, wanne wakiwa wa dada yake. Kinywa kinachotafuta anakijua.

Kosa lake likawa la mlezi wa wengi: alipika kwa kipimo cha ukoo. Alisaga kamba wa baharini kijiko kizima, akamimina. Kufika mchana maji yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele, na samaki mmoja anaelea tumbo juu. Ndipo karatasi ikabandikwa. Fundi akamshauri daktari atupe matumbawe, aweke ya plastiki. Ikapangwa Ijumaa, wiki tatu mbele.

"Wiki tatu," Shangazi alimwambia binti wa mapokezi. "Zinanitosha."

"Shangazi, utafukuzwa!"

"Nifukuzwe kwa kulisha? Adui ndiye huombewa njaa. Hawa wamemkosea nani?"

Kila asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa, alizima taa na pampu. Alichukua bomba la sindano la kliniki, bila sindano yake, akavuta uji wa kamba, safari hii kiasi cha punje ya mchele, akadondoshea tumbawe moja moja. Samaki walipokuja kupora, alilifunika tumbawe kwa chupa iliyokatwa kitako. "Nyie mmeshakula, walafi!" Baada ya robo saa aliwasha pampu, maana mnyoo hali mpaka maji yatembee, akamnyunyizia unga laini ndani ya mkondo. Mabaki aliyafyonza yote.

Ijumaa fundi alifika saa nne na ndoo mbili. Benchi limejaa. Shangazi akasimama kati ya fundi na tangi, akazima taa, akazima pampu, akachomoa bomba lenye uji wa kamba mfukoni mwa aproni.

"Daktari!" fundi aliita. "Njoo umwone mtu wako!"

Daktari alitoka na glavu mikononi. "Si nilikukataza?"

"Ulinikataza. Nimekuasi wiki tatu. Nifukuze, lakini angalia kwanza."

Walisubiri. Vidole vikachomoza. Tone likadondoka, vidole vikajikunja, vikalisogeza polepole hadi katikati, pakafunguka kinywa, chakula kikazama.

"Limemeza!" alisema mzee mmoja mwenye shavu lililovimba, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajaweza kusema neno.

"Bahati ya leo hiyo," fundi alisema.

"Na hii?" Shangazi aligonga kioo. Juu ya mfupa mweupe nyama mpya ya kahawia ilikuwa imetambaa, unene wa uzi. "Nayo imeota leo?"

Daktari aliinama pale muda mrefu, kama anayechungulia jino. Kisha akabandua karatasi.

"Maji yakichafuka tena, utaondoka na tangi lako."

"Nikiondoka nalo, litakuwa limeshiba." Akamgeukia fundi. "Ndoo moja niachie, baba. Leo nabadilisha maji."