Gari nililoliegesha dirishani kwa mwenye eda

Kosa ni langu, na asinitafutie mtu utetezi. Ninayoandika hapa, mke wangu anayajua nusu, na jamaa zangu wa Kilwa Masoko wanayajua jinsi nilivyoyapamba. Ninyi nawapa yote.

Nilinunua gari haibridi, lile la mafuta na umeme ambalo unalichaji ukutani kama simu. Kwenye buti lina soketi. Umeme ukikatika mtaani, nachomeka waya mrefu, kwangu TV inaongea na friji linagandisha. Jamani, kiburi! Majirani waliniita Bwana Umeme, nami nikavimba kichwa.

Kisha shemeji yangu akafariki. Mdogo wangu wa kike, mjane wake, akaja kukaa eda kwangu. Nikampa chumba cha nyuma chenye dirisha moja. Nilikuwa mkali kwa eda ile kuliko imamu. Siku moja alitoka kuanika kanga uani, jirani akapita, nikamfokea dada mpaka akalia. Sikuwa nalinda dini, nilikuwa nalinda jina langu.

Basi mvua ikaangusha nguzo, umeme ukakatika tangu asubuhi. Mchana kulikuwa na mechi, nikawaita watu. Ili soketi isilowe, nikalirudisha gari kinyumenyume kwenye kibanda kilichoshikana na chumba cha dada, nyuma yake ikielekea dirishani, nikazungushia maturubai pande zote.

Nisichokijua ni kwamba betri ikishuka, injini hujiwasha yenyewe na kutoa moshi. Haikuombi ruhusa. Na kwa kelele za mpira na mvua juu ya bati, nani angeisikia?

Dada aliniita pale mlangoni kwake. Kichwa kinamuuma, anasikia harufu, anaomba akakae barazani apate hewa.

"Gari la umeme halina moshi," nikamwambia. "Na barazani wamejaa wanaume. Una eda. Unataka watu waseme nini?"

"Haya, kaka," akasema, akarudishia mlango.

Haya, kaka! Maneno hayo yananitafuna mpaka leo. Mimi nikarudi kwenye mpira.

Mke wangu alipompelekea uji ndipo alipomkuta sakafuni, ametapika, hasemi. Nilimbeba mwenyewe. Nikapita naye katikati ya wale wanaume wote, kichwa wazi, kanga imeachia. Yule niliyekuwa nikiogopa asionekane, wote walimwona. Nikayafumua maturubai, na gari lile lile, injini yake ikinguruma, likatupeleka hospitali.

Alhamdulillahi, alipona. Lakini mkono wake wa kulia hutetemeka akimimina chai, na siku nyingine husahau alichotaka kusema. Nilimwendea shehe nikitegemea atanifariji. Akaniuliza swali moja tu: ni nani aliyenifundisha kwamba mwenye eda haruhusiwi kuikimbia hatari? Siku za eda zilizobaki dada alizimalizia kijijini Njinjo, kwa baba yetu mdogo.

Nilimfuata huko kumwomba radhi. Nililia mbele yake, mtu mzima mimi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nimekusamehe, kaka," akasema. "Ila kwako ndani siingii tena."

Na kweli haingii. Akija kututembelea hukaa barazani, hata mvua ya upepo ikimlowesha miguu. Mke wangu humletea chai pale pale, na mimi hukaa naye nalowa.

Enyi wenzangu wenye magari haya, yaegesheni nje kabisa, mbali na madirisha, waya ndio uwe mrefu. Hilo hata fundi atawaambia. La kwangu mimi ni hili: mtu wako akikwambia anakosa hewa, usimsomee sheria wala usimtajie majirani. Mfungulie mlango kwanza. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango ule ule, na nikamwacha aufunge.