Kapteni, Dume la Mwalimu Remigius

Mwalimu Remigius alianguka uwanjani filimbi ikiwa mdomoni, na wachezaji wake wakacheka. Ndiyo, walicheka! Walimzoea kwa vituko. Mara ngapi alijitupa chini kuwaonyesha mabeki jinsi mshambuliaji mjanja anavyojiangusha? Wakasubiri ainuke, ajipanguse vumbi, awatukane kidogo. Hakuinuka. Nyuma ya goli Kapteni, dume lake jekundu, aliendelea kula majani kama hakuna kilichotokea.

Hilaria, binti yake pekee, alikuwa kihambani, shamba la migomba la nyumbani kwao, akikata mgomba wa kumlisha dume huyo huyo. Walipomwambia, hakulia. "Haiwezekani," alisema. "Sasa hivi amekula ndizi hapa, akanigombeza zimezidi chumvi. Nikamwambia baba kimbia, utachelewa, na amekimbia kweli, nimemwona kwa macho yangu. Mtu anayekimbia anakufaje?" Akaendelea kukata. Alikata mgomba mzima vipande vipande mpaka jirani yao Martha akamnyang'anya panga.

Yesu na Maria, kifo gani hicho! Uru nzima, huko mlimani, ilipigwa na butwaa. Watu walisimama njiani na mikungu yao kichwani, wakiulizana swali moja tu: Remigius yupi? Huyu wa mpira?

Huyo huyo wa mpira. Alifundisha hesabu shule ya msingi pale kilimani tangu ujana wake, na alipofiwa na mkewe alimlea Hilaria mwenyewe, akamsuka nywele vibaya mpaka majirani wakaingilia kati. Miaka ile ya soko huria, bei ya kahawa ilipoanza kuyumba na watu wakang'oa mibuni wapande nyanya, walimu wenzake walifungua genge au tuisheni. Yeye je? Aliteremka mjini akarudi na gunia la viatu vya mpira vya mitumba, na nusu yake ni vya mguu wa kushoto vitupu. Watu walicheka mpaka machozi. Mwalimu akasema timu isiyojua kupiga kwa kushoto si timu, akawavalisha hivyo hivyo, na mwaka ule wakaifunga timu ya Pasua kwao mjini.

Na wanyama, jamani! Kila mnyama aliyevunjika, aliyefukuzwa au kutupwa alijua njia ya kwa Mwalimu. Mbwa wa miguu mitatu, paka wasio na mwenyewe, hata kunguru aliyekuwa akimsubiri mlangoni. Siku ile walipoifunga Pasua alimwona punda wa Abasi, kocha wa Pasua, akivuta mkokoteni wa mchanga, ana kidonda mgongoni. Mwalimu akavua koti lake la Jumapili, akalikunja likawa tandiko la punda, kisha akamgombeza Abasi mbele ya wachezaji wake kama anagombeza mtoto wa darasa la pili. Abasi alinuna mwezi mzima. Baadaye wakawa marafiki wa kufa na kuzikana.

Kapteni ndiye aliyewashinda watu. Ng'ombe pekee wa Mwalimu alipozaa, majirani walimtania: ng'ombe wa maskini hazai, akizaa huzaa dume! Dume hana maziwa, kazi yake kumaliza migomba ya watu. Mwalimu akawajibu, "Basi nipeni hongera, nimepata mtoto wa kiume." Akawa anakwenda naye uwanjani afyeke nyasi kwa meno. Kila Krismasi, familia zote zikirudi mlimani na kila boma likichinja, waliuliza, "Mwalimu, mwaka huu Kapteni anaingia chunguni?" Naye husema, "Kapteni ana mechi Januari."

Lakini jioni moja, bila utani wowote, alimwambia Hilaria, "Siku nikiondoka, huyu asichinjwe kwa ajili yangu. Sitapumzika." Hilaria akamwahidi. Aliahidi kirahisi, kama mtu anavyoahidi jambo la miaka mingi mbele.

Sasa jeneza liko sebuleni na Baba Mkubwa Filemon, kaka wa marehemu, ananoa kisu.

"Baba Mkubwa, nakuomba," Hilaria alisema. "Baba alikataa. Aliniambia kwa kinywa chake."

"Marehemu hakatai kitu, mwanangu." Filemon hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa mila, na huyo ni mgumu kuliko mtu mbaya. "Dume liko zizini, halafu tumzike mdogo wangu kwa maharage? Watu wote hawa? Ukoo utaitwaje? Kaa na wanawake wenzako, tuachie kazi yetu."

Wazee wote wakaitikia. Vijana wakamtoa Kapteni uani, naye akatoka kwa upole akidhani anakwenda mpirani. Hilaria akaona anasaliti mtu asiyeweza tena kumgombeza.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Abasi alitokea getini na kofia yake mkononi, timu nzima ya Pasua nyuma yake, wamelowa jasho la mlima. Akawaamkia wazee shikamoo, akatoa pole, akalitazama dume.

"Wazee wangu, mnisamehe," alisema. "Huyo ng'ombe ni wangu."

Loo! Hata waliokuwa wakilia waligeuka kumtazama.

Kule mlimani ng'ombe aliye zizini kwako si lazima awe wako. Mtu humwekesha kwa mwenzake amtunze. Mtunzaji hupata samadi na maziwa, ng'ombe hubaki wa mwenyewe. Na kuchinja ng'ombe uliyewekeshwa, bila mwenyewe kujua, ni aibu isiyofutika hata kwa wajukuu. Filemon alilijua hilo kuliko wote.

"Mbege ya kuwekesha ilinywewa wapi?" aliuliza kwa ukali. "Nani shahidi?"

"Mzee wangu, mimi pombe situmii. Tulikunywa chai ya tangawizi."

"Chai!" Filemon akageuka. "Hilaria. Wewe ndiye uliyekaa na baba yako. Yuko pale ndani, anakusikia. Sema mbele yake: dume ni la nani?"

Hilaria alimwona Kapteni akizaliwa. Ndiye aliyemfuta kwa majani makavu. Kusema uongo mbele ya maiti ya baba yako, kwao, ni kujitafutia laana. Alimtazama Abasi, akashangaa jinsi yule mtu alivyotulia.

"Ni wake," alisema. "Ni wa Kocha Abasi."

Filemon alimkazia macho kwa muda mrefu. Kisha akakirudisha kisu alani, na Mwalimu akazikwa kwa ndizi na maharage.

Baada ya maziko Hilaria alimkimbilia Abasi kwenye njia ya kuteremkia mjini. "Kocha, Mungu atusamehe. Tumedanganya mbele ya baba."

Abasi alishtuka. "Tumedanganya? Mwanangu, mimi nimesema kweli. Kwani hakukwambia?"

"Kuniambia nini?"

Abasi akavua tena kofia. "Alikuja kwangu Pasua mwezi wa Ramadhani, ametoka hospitali. Moyo. Daktari amemwambia unaweza kusimama wakati wowote. Akanipa Kapteni mbele ya mke wangu Mwantum, tukafuturu, tukanywa chai, kisha nikamwekesha kwake hapo hapo. Alisema, kaka yangu ni mtu wa mila, acha mila yenyewe imzuie. Nikajua wewe unajua."

"Ramadhani?" Hilaria alihesabu miezi kwa vidole. Tangu Ramadhani walikuwa wamekula pamoja, wakagombana, wakacheka. "Kwa nini hakuniambia?"

"Alisema ukijua utamfungia uwanja." Abasi alisita. "Mchunge Kapteni, mwanangu, Pasua sina zizi. Na usijilaumu. Alikuwa amekatazwa kitu kimoja tu, kukimbia, na nilidhani anatii."

Abasi akaenda zake. Hilaria alibaki pale njiani, mkono mdomoni. Alikuwa akimwona baba yake mlangoni, amekwisha kunawa, anamtazama binti yake kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Kimbia, baba, utachelewa. Naye akacheka, akatia filimbi mdomoni, akakimbia.